Mama Giho na mstari mweusi wa Balgumi

“Shuka hapo, shemeji, nisije nikakuosha pamoja na mwamba!”

“Nioshe! Tangu baba Giho afariki hakuna aliyenisugua mgongo. Anza hapa kushoto, pananiwasha.”

Wanawake waliochutama chini na brashi zao za waya wanacheka hadi mmoja anaachia ndoo, inabingirika majini. Ok Deokchil, mwenyekiti wa ushirika wa miamba wa kijiji cha Balgumi, hacheki. Ameshika bomba la mashine ya kuoshea magari. Injini yake inanguruma kwenye mwamba wa jirani. Mbele yake, juu ya utando mweusi uliokauka kama masizi ya sufuria, ameketi mama wa miaka sabini na tatu, miguu kainyoosha, kapakata chupa ya chai ya shayiri.

“Kwanza huu mwamba si wako,” Deokchil anamwambia. “Kura ilimwangukia Bi Harusi, mgeni wetu. Na mwenyewe karidhia.”

“Bi Harusi karidhia kwa sababu ana adabu. Mimi sina.”

Ni saa tatu asubuhi, mwezi wa Novemba, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Ulleung. Jua limetoka, upepo hakuna, bahari imetulia kama maji ya beseni. Kijiji kizima, kaya kumi na tisa, kimeshuka pwani kusugua mawe.

Hufanywa hivyo kila mwaka kabla ya theluji ya kwanza. Miamba hugawanywa kwa kura, kisha kila kaya hukwangua magamba na majani ya zamani kwenye fungu lake ili mwani wa mawe upate pa kushika. Mwani huo ni mweusi, mwembamba kama karatasi, na huota baridi inapokuwa kali. Jani moja lililokaushwa, ukubwa wa gazeti lililokunjwa, huuzwa won elfu nne bandarini. Mchumaji hodari hutengeneza majani mia sita kwa msimu, vidole vikiwa havina hisia.

Anayeketi juu ya mwamba kwa ubishi ni Cha Maksun. Hakuna amwitaye hivyo isipokuwa daktari na posta. Yeye ni Mama Giho, na ukitaka kujua habari yoyote ya Balgumi, nani kanuna, nani kanunua friji, mlango wake ndio wa kugonga. Giho mwenyewe anaendesha basi mjini Pohang na hupiga simu kila Jumapili kumwambia mama yake aache miamba. “Mimi humwambia aache basi,” anasema. “Basi limeua watu wengi kuliko mawe yangu.”

Amechuma mwani kwa miaka hamsini na mmoja. Tangu awe mjane, miaka tisa sasa, ana kazi nyingine ambayo haina mshahara: ndiye jicho la bahari. Wenzake wanapoinama kuchuma, yeye hukaa juu akitazama maji, na wimbi baya likija hupiga kelele. Sauti yake, majirani wanasema, husikika hadi kwa wavuvi wa ngisi walio kazini. Ujira wake ni konzi moja ya mwani kutoka kwa kila mchumaji.

Katika miaka yote tisa, mtu mmoja tu amechukuliwa na wimbi. Ilikuwa Januari iliyopita, na siku hiyo Mama Giho hakuwepo. Alikuwa Pohang kutibiwa jicho.

“Kila mtu ananiambia si kosa langu,” anasema. “Wakishasema hivyo mara tatu, unaanza kuwaza.”

Aliyechukuliwa yuko hapa leo. Anaitwa Yang Pilnam, ana miaka sitini na tatu, na ni mke wa Deokchil. Wimbi lilimvuta hadi kwenye ufa wa mwamba uitwao Chungu, likamwachia hapo na kifundo cha mkono kilichovunjika. Kikapu hakikuonekana tena. Sasa anasugua mwamba kwa mkono wa kushoto na kusikiliza ugomvi wa mumewe kwa masikio yote mawili.

“Dada, mwambie bwana yako huyu azime hiyo mashine,” Mama Giho anampigia kelele. “Inaniziba masikio, nisikie vipi bahari?”

“Nikimwambia mimi atanunua ya pili!”

Deokchil ana hoja yake, na haki itendeke, hoja si ya kijinga. Utando ule mweusi ukilowa huteleza kuliko ngozi ya ngisi, na wachumaji wameanguka juu yake tangu enzi za mababu. Tena vijana wamehama, mikono ya kusugua imepungua, na mashine hufanya kwa nusu saa kazi ya watu watano. Mwaka jana aliijaribu kwenye mwamba wa Chungu, fungu lake mwenyewe. Alipanda nayo kuanzia majini hadi juu kabisa, na weusi wote ukatoka. Jiwe likabaki jeupe kama jino.

“Nilijua ni mwani wa zamani uliokufa ukagandia,” anaeleza. “Rangi ni ile ile. Nikasema, nikiuondoa mwani mpya utapanda hadi juu. Wewe ungefikiri nini?”

Wengi Balgumi wangefikiri hivyo hivyo. Mwani wa mawe ukikauka mwambani huwa mweusi na mgumu, na mtu aliyekulia akiukwangua huona kila cheusi ni mwani. Ila pale juu mwani haukuota. Vilitokea vijinyuzi vichache, upepo ukavikausha. “Kama ndevu za kijana wa miaka kumi na nne,” Mama Giho anasema, na wanawake wanaanza tena kucheka.

Kilichoondolewa hakikuwa mwani uliokufa. Kilikuwa kuvumwani, na kilikuwa hai.

Mama Giho alilijua jina hilo miaka mitatu iliyopita, alipompangisha mtafiti wa chuo kikuu cha bara, Bi Tak Insuk, kwa siku kumi na moja. Mgeni alilala chumba cha Giho, na asubuhi alikuwa analala tena kifudifudi juu ya miamba na kioo cha kukuzia. Majirani waliulizana kama ana wazimu au anamkimbia mume. Mama Giho alimfuata na chai ili apate ukweli.

“Nikamwuliza, mwanangu, hayo mabaka ni ugonjwa wa mawe? Akaniambia, mama, hiyo ni ndoa. Kuvu kamwoa mwani, lakini mwani mdogo sana, huuoni kwa macho. Kuvu anajenga nyumba, anashika jiwe, anatunza maji. Mke anapika kwa jua. Nikamwuliza, wanagombana? Akasema bado haijaonekana. Nikamwambia basi hao walioana bila mawifi.”

Tangu hapo mtu akimchokoza kidogo tu, hueleza habari za wanandoa hao kama vile ni wapangaji wake. Baridi ya Ulleung ikifika, anasema, hawajifuniki. Huyaacha maji yao yatoke, wanakauka, wanalala, kwa sababu maji yakiganda mwilini yangewapasua kama chupa iliyosahauliwa nje. Ukungu ukipita wanaamka. Dakika chache tu, na mke yuko jikoni, hata kama theluji imewafunika, ilimradi mwanga upenye.

“Na chumvi? Wewe chukua kabichi ya kimchi, itie chumvi, asubuhi imelegea, maji yote yako chini ya beseni. Hawa wanamwagiwa chumvi mwaka mzima na hawalegei. Bi Tak anasema wana sukari yao ya ndani inayoshika maji. Mimi nina sukari ya ndani pia, daktari kasema, lakini yangu inanipeleka hospitali.”

Hawa wapangaji hawakai ovyo. Kila mmoja ana ghorofa yake. Chini, mahali mawimbi yanapofika, hukaa weusi, ambao wanaweza kuzama kwa saa nyingi na kuibuka wazima. Juu yao hukaa wa rangi ya chungwa, ambao hustahimili matone ya chumvi yanayorushwa na upepo lakini hawapendi kuzama. Rangi yao ni mwavuli wa jua, na hunenepa zaidi mahali shakwe wanapopumzika na kuacha kinyesi. Juu kabisa ni wa kijivu, wenye vijitawi kama ndevu, wanaopenda hewa ya bahari kwa mbali.

Bahari ya huku haipwi wala haijai kiasi cha kumsumbua mtu. Inayotawala ni mawimbi, na wimbi haliachi alama likishaondoka. Miamba ndiyo inayokumbuka, kwa rangi hizo.

Mama mkwe wa Maksun hakujua habari za kuvu wala ndoa. Ila siku alipomleta Maksun mwambani kwa mara ya kwanza, alimshika sikio na kumwambia: “Nyeusi ni jikoni kwa bahari, huingia akitaka. Ya chungwa ni uani kwake, hapo hutema mate tu. Kijivu ni kwako. Chuma ukiwa kwenye nyeusi, pumzika kwenye kijivu, na usimpe mgongo.”

Ndiyo maana leo hataki kushuka. Fungu hili, mwamba uitwao Bega la Ng’ombe, msimu huu ni la Guk Harin, mwenye miaka thelathini na nne. Yeye na mumewe, fundi wa majokofu, walihamia kutoka Daegu miaka miwili iliyopita. Anaitwa Bi Harusi kwa sababu hajaja mwingine mpya zaidi yake. Hajawahi kuchuma mwani hata siku moja. Mwenyekiti alipojitolea kumsafishia mwamba bure, alishukuru kwa kuinama mara mbili.

“Ukiondoa huu weusi,” Mama Giho anasema, sasa bila utani, “huyu mtoto atajua vipi pa kusimama? Atamwuliza nani, mashine?”

“Utakuwepo wewe,” Deokchil anajibu.

“Januari nilikuwepo?”

Harin, aliyekuwa amesimama kando na ndoo tupu, anatazama viatu vyake. “Mama,” anasema polepole, “mimi nitafanya mtakavyoamua.”

“Hatuamui sisi. Mwamba ni wako. Amua wewe, lakini subiri kidogo.” Mama Giho anageuza shingo kuelekea majini. “Halafu wewe mwenyekiti, hiyo mashine yako umeiweka jikoni kwa mwenyewe.”

Mashine iko juu ya Chungu, kwenye lile jiwe jeupe lililosuguliwa mwaka jana. Ni mahali pakavu, tambarare, mita tatu hivi juu ya maji. Mtu yeyote angeweka kitu chake hapo.

“Pakavu pale! Upepo wenyewe hakuna,” Deokchil anasema.

“Jana kulikuwa na upepo Urusi.”

“Sasa Urusi na mashine yangu wapi na wapi?”

Mama Giho ameweka chupa ya chai chini. Chini ya mwamba maji yanashuka, taratibu, bila sauti. Majani marefu ya mwani wa kilindini ambayo kamwe hayaonekani yanabaki yamening’inia hewani.

“Juu! Wote juu!” Sauti inatoka kwenye kifua kidogo kile kama honi ya meli. “Kwenye chungwa! Acha ndoo, Bi Harusi, acha!”

Wanawake wanapanda kwa magoti na viganja. Mama Giho mwenyewe anainuka, anapanda hatua nne hadi kwenye mabaka ya chungwa, na kumvuta Harin kwa ukosi wa koti. Deokchil anaangalia bahari iliyotulia, anaangalia mashine yake, na anaanza kuiendea.

Anashikwa na Pilnam. Amemkamata mshipi wa suruali kwa mkono wa kulia, ule wa Januari.

“Uende wapi?”

“Mashine!”

“Utanunua nyingine! Mume sinunui mwingine, sina nguvu ya kumfundisha!”

Wimbi halina povu. Ni wimbi la mbali, lililozaliwa na dhoruba ambayo hakuna aliyeiona, na linainuka kama mtu anavyojaza beseni. Linafunika mahali walipokuwa wamechutama. Linapanda juu ya weusi, linapita pale alipokuwa ameketi Mama Giho, linachukua chupa ya chai, linaendelea, na linaishia upana wa vidole viwili chini ya mabaka ya chungwa. Hapo linasimama kidogo, kama mgeni aliyefika kizingitini.

Upande wa pili, kwenye Chungu, jiwe jeupe lote limezama. Injini inakohoa mara mbili, inanyamaza. Bomba linamponyoka Deokchil mkononi kama samaki mkunga.

Yanafuata mawimbi mengine mawili, madogo zaidi. Kisha bahari inatulia, jua linawaka, shakwe wanarudi kukaa mahali pao.

Deokchil anatazama mpaka wa jiwe lililolowa. Pande zote mbili za Chungu, kwenye miamba ambayo hakuigusa, mpaka huo unafuata ukingo wa juu wa weusi kana kwamba umepigwa rula. Kwenye Chungu unapita juu ya jiwe tupu.

“Limefika pale pale,” anasema hatimaye.

“Pale nilipoketi kunywa chai Januari,” Pilnam anasema. “Palikuwa peupe, pakavu. Nikasema hapa pazuri.”

“Si ulisema uliteleza?”

“Wewe ndiye uliyesema niliteleza. Mimi nilikuwa na maji mdomoni.”

Deokchil anauchukua ule mkono uliomshika mshipi na kuukagua kifundoni, akiubonyeza kidogo hapa na pale, kama mtu anayetafuta tobo kwenye mpira wa baiskeli. “Unauma?”

“Sasa hivi ndiyo unauliza? Novemba?” Lakini Pilnam hauvuti.

Mama Giho angeweza kusema mengi. Wanaomfahamu walikuwa wameshajiweka tayari kusikiliza. Badala yake anamwita Harin, anampa brashi yake mwenyewe na kumshusha hadi chini ya weusi.

“Sugua kuanzia hapa kwenda chini, utoe magamba yote, usiwaonee huruma. Kuanzia hapa kwenda juu usiguse hata kwa ukucha. Umeona?”

“Nimeona, mama. Na utelezi?”

“Utelezi ni kweli. Mwenyekiti hakukosea hapo. Vaa viatu vya njumu, nitakupa vyangu vya zamani.”

Anamwonyesha pia baka moja la chungwa pembeni mwa mwamba. Wiki aliyoolewa, marehemu mumewe alichonga alama mbili za patasi kuzunguka baka hilo, likiwa dogo kama kifungo cha shati. Leo limetoka nje ya alama na limekuwa kama kisahani cha kikombe. Miaka hamsini na mmoja.

“Wanaume wengi huahidi watakua na wewe,” anasema, akilipapasa kwa nyuma ya kidole. “Huyu amekua kweli.”

Baada ya mashine kuvutwa kwa kamba kutoka kwenye ufa, kikao cha ushirika kinafanyika pale pale, watu wakiwa wamesimama. Hakichukui dakika kumi. Deokchil mwenyewe anatoa pendekezo: weusi usiguswe kwenye fungu lolote, na kwenye Chungu apige mstari wa rangi nyekundu.

“Rangi itakaa baridi mbili, labda tatu,” mmoja anapinga.

“Nitapaka tena.”

“Apake,” Mama Giho anasema. “Rangi ishike zamu mpaka wenyewe warudi.”

Watarudi lini? Bi Tak alimwambia mwamba uliokwanguliwa hadi jiwe huenda ukahitaji miaka thelathini, arobaini. Mama Giho ameshafanya hesabu na haimsumbui. Amechungulia nyufa za Chungu ambazo maji ya mashine hayakufika, na ndani yake, anasema, weusi bado umejibana, umeshika jiwe.

“Mimi sitauona. Lakini wa kuuona ameshazaliwa, yuko mahali analilia maziwa.”

Kwa sasa mpango wake ni mfupi zaidi. Desemba mosi, hali ya hewa ikiruhusu, atawapeleka mwambani wageni wote wanne waliohamia Balgumi na kuwafundisha ghorofa zile tatu, rangi kwa rangi, akiwashika masikio ikibidi. Januari ana miadi ya jicho la pili. Hatakwenda. Jicho litasubiri hadi masika, wakati huo Harin atakuwa ameshajifunza kupiga kelele.

“Ana sauti ndogo,” anakiri. “Tutaikuza.”

Saa nane mchana nyumba ya Mama Giho imejaa hadi viatu vinapandana mlangoni. Kuna wali wa kome, supu ya figili, kimchi, achari ya kabichi iliyofungwa juzi tu na bado ina ukali wa tangawizi. Pilnam anachoma juu ya moto majani ya mwisho ya mwani wa msimu uliopita, na Harin anapokezana naye, akiunguza moja kati ya matatu. Kila anayeingia anasimuliwa habari ya wimbi, na kila ikisimuliwa limeongezeka nusu mita.

Mtu mmoja hayupo. Nje, kwenye bomba la uani, Deokchil amechuchumaa, akiimwagia injini maji matamu ili kutoa chumvi. Ameshaifanya kazi hiyo kwa saa nzima. Amekataa kuitwa na mkewe, amekataa kuitwa na mume wa Harin. Anasema hana njaa.

Mama Giho anasukuma mlango, bakuli la wali mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

“Nani kakuuliza kama una njaa?”

“Naosha mashine, shemeji.”

“Umeosha vya kutosha, mwenyekiti. Vua hayo mabuti, ingia ule.”